Hewa, Umbali na Mlinzi wa Mpaka

Kutoka Kigali hadi Kamembe, kwa barabara inayokata msitu wa Nyungwe, ni mwendo wa saa tano au sita kwa gari. Hesabu hiyo anaijua kila askari aliyewahi kupangiwa kazi Rusizi, wilaya ambayo wengi bado huiita Cyangugu. Maana yake ni kwamba likitokea jambo la kutatanisha katika daraja la Rusizi ya Kwanza au la Rusizi ya Pili, kama vile sanduku lisilo na mwenyewe au shehena inayoamsha king'ora cha chombo cha kupimia mionzi, mtaalamu anayeletwa kwa barabara kutoka makao makuu hawezi kufika kabla ya nusu ya siku kupita. Saa hizo za mwanzo ni za polisi aliye zamu na askari aliye karibu naye. Watakalolifanya litategemea kama wanafahamu jambo ambalo wanasayansi walitumia miaka mingi na fedha nyingi kulipima: mionzi husafiri vipi hewani, na nguvu yake huishia wapi.

Juu ya jambo hili yapo makosa mawili. Lipo kosa la hofu, la kudhani kwamba popote penye alama ya mionzi hewa yenyewe imekwisha kuwa sumu. Mlinzi hukimbia, barabara hufungwa kutwa, na uvumi huvuka mto kabla ya habari. Lipo pia kosa la ujasiri wa bure, la mtu kuokota asichokijua kwa sababu hakinuki, hakitoi moshi, wala hakimchomi papo hapo. Mwenye kosa la kwanza hupoteza siku. Mwenye kosa la pili huweza kupoteza mkono, au uhai.

Mionzi inayohusika hapa ni ya namna mbili. Mionzi ya gama ni ndugu wa mwanga na wa eksirei ya hospitalini, ila kwa kawaida ina nguvu zaidi, na jicho haliioni. Nyutroni si mwanga hata kidogo. Ni chembe itokayo ndani ya kiini cha atomi, nayo haina chaji ya umeme. Na kwa kuwa haina chaji, hupenya vitu vingi bila kuzuiwa, kama msafiri asiye na mzigo apitavyo forodhani. Zote mbili, zikitoka mahali pamoja, hutawanyika pande zote. Mtu aliyekesha kando ya Ziwa Kivu akitazama taa za wavuvi wa sambaza anaijua kanuni yake: aliye mbali mara mbili hupata robo ya mwanga, na aliye mbali mara kumi hupata sehemu moja katika mia. Umbali peke yake ni kinga, hata pasipokuwa na ukuta.

Lakini hewa nayo ni ukuta, na hili ndilo watu hulisahau. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa karibu kilo 1.2. Kwa hiyo kilomita moja ya hewa hiyo, kati ya mtu na chanzo cha mionzi, ina uzito sawa na ukuta wa maji wenye unene wa mita moja na sentimita 20. Mji wa Cyangugu umekaa kando ya ziwa lililo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,460, na hewa yake ni nyepesi zaidi, karibu kilo moja tu kwa kila mita ya ujazo. Ukuta wake basi ni wa mita moja ya maji kwa kila kilomita. Mionzi ya gama ya sesiamu 137, ile inayokwenda moja kwa moja bila kugongana na kitu, hupunguzwa nusu na mita 75 hivi za hewa ya pwani; kwa hewa ya Cyangugu huhitaji mita 90 hivi. Upungufu huo ni mbali na ule unaoletwa na kutawanyika.

Ile inayogongana na hewa haitoweki yote. Mingine hukengeuka na kurudi ardhini kutoka juu, kama mwanga wa mji unavyoonekana mawinguni hata kwa aliye nyuma ya kilima. Ndiyo sababu mlinzi aliyejibanza nyuma ya ukuta mnene usio na paa bado hupata kiasi fulani cha mionzi iliyopita juu ya kichwa chake. Nyutroni zina tabia nyingine ya kushangaza zaidi: njiani hunaswa na naitrojeni ya hewa, na katika kunaswa huko huzaliwa mionzi mipya ya gama yenye nguvu kubwa. Hewa huzima na papo hapo huwasha. Ni kwa sababu ya mambo kama haya kwamba hesabu ya karatasini haikutosha, na ikabidi watu waende kupima.

Chanzo cha haja hiyo hakiko mbali na Rusizi kama mtu anavyoweza kufikiri. Katika Katanga, nchi ya Kiswahili, uko mgodi wa Shinkolobwe, na mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomi ulipata sehemu kubwa ya urani yake kutoka mgodi huo. Zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimekwisha kufikishwa New York tangu mwaka 1940. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani lililipuliwa juu ya Hiroshima, kwenye kimo cha mita 600 hivi, na siku tatu baadaye bomu la plutoniamu likalipuliwa juu ya Nagasaki. Waliokufa walizikwa. Waliobaki walianza kuugua kwa miaka iliyofuata, wengine saratani ya damu, na ikawa lazima kujua kila mmoja wao alipata mionzi kiasi gani pale alipokuwa amesimama asubuhi ile. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kupimia. Ilijulikana nyumba ya mtu, upande wa dirisha, na umbali wake kutoka chini ya mlipuko. Hayo mengine ilibidi yatafutwe.

Ndipo mwaka 1962 Wamarekani waliposimamisha mnara wa chuma katika jangwa la Nevada, wenye urefu wa mita 465, mrefu kuliko paa la jengo la Empire State la New York. Mnara huo uliitwa BREN, jina lililofupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya majaribio ya kinu kisichofunikwa. Katika mnara huo walipandisha kwa lifti kinu kidogo cha atomi, ambacho moyo wake haukuzidi ukubwa wa ndoo ndogo, nacho hakikufunikwa kwa zege wala risasi kama vinu vingine vyote vinavyofunikwa. Waendeshaji walikaa mbali ndani ya kinga. Kinu kiliwashwa kikiwa kwenye vimo mbalimbali, na vyombo vilivyopangwa ardhini vikapima nyutroni na gama zilizofika. Baadaye kobalti yenye mionzi ya gama ilipandishwa mahali pake, ili gama ya kobalti ipimwe peke yake bila nyutroni kuingilia. Chini ya mnara zilijengwa nyumba kwa mtindo wa Japani, na vyombo vikawekwa ndani yake, kwa sababu mtu wa Hiroshima aliyekuwa nyuma ya ukuta wa nyumba yake hakupata sawa na aliyekuwa barabarani. Kazi hiyo iliongozwa na John Auxier wa maabara ya Oak Ridge, na matokeo yake yakawa msingi wa orodha ya vipimo iliyotolewa mwaka 1965, iliyotumiwa na watafiti kwa miaka 20.

Mtu anaweza kuuliza: baada ya kazi kubwa namna hiyo, je, vipimo vilikuwa sahihi? Kwa gama vilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kwa nyutroni. Kwa nyutroni za Hiroshima vilikuwa mbali na ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hesabu mpya za kompyuta katika maabara ya Livermore zilionyesha kwamba nyutroni zilizowafikia watu wa Hiroshima zilikuwa chache mno kuliko ilivyoandikwa. Orodha mpya ya mwaka 1986 ilizishusha hadi karibu sehemu moja ya kumi ya zile za zamani. Sababu mojawapo ilikuwa bomu lenyewe, lililokuwa limevikwa chuma kinene kilichobadili nguvu ya nyutroni zilizotoka. Sababu ya pili ilikuwa hewa. Nevada ni jangwa, na hewa yake ni kavu. Hiroshima mwezi wa Agosti ni mji wa joto na unyevu, na hewa ya namna hiyo huweza kubeba gramu 20 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Mvuke ni maji, maji yana haidrojeni, na haidrojeni ndiyo adui mkubwa wa nyutroni. Nyutroni ikigonga kiini kizito hudunda na kuendelea na safari yake ikiwa imepoteza kidogo tu, kama gololi iliyogonga jiwe. Ikigonga kiini cha haidrojeni, ambacho uzito wake ni karibu sawa na wake, huweza kusimama papo hapo. Gramu 20 katika kilo moja na ushei ya hewa ni kitu kidogo sana. Zilitosha kuharibu hesabu.

Haya hayakuwa mabishano ya wasomi tu. Katika miaka ya 1970 tofauti ya magonjwa kati ya miji ile miwili ilielezwa kwa kusema kwamba Hiroshima ilipata nyutroni nyingi. Nyutroni zilipoondolewa katika daftari, magonjwa yalibaki pale pale, na lawama ikaiangukia gama, ambayo ndiyo mionzi inayokutana na wafanyakazi wengi zaidi duniani. Mwaka 1990 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilishusha kiwango anachoruhusiwa mfanyakazi, kutoka milisiveti 50 kwa mwaka hadi wastani wa milisiveti 20, na vipimo hivyo vipya vya Japani vilikuwa miongoni mwa sababu zake. Mfanyakazi wa kituo cha saratani katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2020, anayevaa kifuani kibati cha kupimia mionzi, analindwa kwa hesabu iliyorekebishwa kwa sababu ya mvuke wa Hiroshima.

Takwimu za baadaye zinaonyesha vizuri kazi ya hewa. Kwa mujibu wa orodha inayotumika sasa, mtu aliyekuwa nje Hiroshima, kilomita moja kutoka chini ya mlipuko, alipata gama zaidi ya mara 50 kuliko aliyekuwa kilomita mbili. Kama hewa isingezuia chochote, tofauti yao ingekuwa mara tatu au nne tu. Zilizobaki zote zilizuiwa na kitu ambacho watu hukiona kuwa si kitu. Mnara wa BREN wenyewe ulihamishwa mwaka 1966, ukatumika kwa kazi nyingine, na ukaangushwa kwa baruti tarehe 23 Mei 2012.

Askari wa Rusizi hatarajiwi kukutana na bomu la atomi. Atakachoweza kukutana nacho ni kidogo zaidi na cha kawaida zaidi. Wahandisi wa barabara ulimwenguni kote hutumia kisanduku cha kupimia ugumu na unyevu wa udongo, nacho mara nyingi hubeba vyanzo viwili: sesiamu inayotoa gama, na mchanganyiko wa amerishiamu na berili unaotoa nyutroni. Unyevu wa udongo hupimwa kwa kanuni ile ile iliyoharibu hesabu za Nevada, yaani nyutroni hupunguzwa mwendo na haidrojeni ya maji, na chombo huhesabu zilizopunguzwa. Visanduku vya namna hii vimewahi kuibiwa katika nchi nyingi, kwa kawaida pamoja na gari lililovibeba, na mwizi hajui alichochukua. Vina alama nyeusi ya mapanga matatu kama ya feni, juu ya rangi ya njano. Kikiwa kimefungwa vizuri hakimdhuru apitaye. Kikivunjwa kwa nyundo ili chuma kiuzwe, hilo ni jambo lingine.

Na si kila king'ora ni cha uhalifu. Mawe ya tantali, ambayo watu wa eneo hili la Maziwa Makuu huyaita koltani, kwa kawaida huwa na urani na thoriamu kidogo ndani yake kwa maumbile. Vigae na baadhi ya mbolea navyo vina kiasi chake. Mgonjwa aliyetibiwa kwa iodini yenye mionzi huweza kuamsha chombo akipita mpakani na vyeti vyake vyote mfukoni. Polisi mwenye busara humweka mtu huyo pembeni kwa heshima na kumwomba karatasi za hospitali, badala ya kumpigia kelele mbele ya watu.

Mfano wa Goiânia, nchini Brazili, unastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Mwezi Septemba 1987 mashine ya kutibu saratani iliyoachwa katika jengo la hospitali lililohamwa iliibwa na waokota vyuma, ikauzwa, ikavunjwa, na unga wa sesiamu uliokuwa ndani ukagawanywa kama kitu cha ajabu kwa kuwa uling'aa gizani. Watu waliugua kwa wiki mbili bila mtu kujua sababu. Hatimaye mabaki yalipelekwa ofisi ya afya ndani ya mfuko, kwa basi la abiria. Mtaalamu wa fizikia aliyeazima chombo na kwenda kutazama alikiwasha kabla hajafika. Mshale ukaruka hadi mwisho, kila upande alioelekeza. Akadhani chombo kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Cha pili kilisema vile vile. Gama zilikuwa zimekwisha kumfikia kupitia hewani, naye hakuamini. Alipofika aliwakuta wazima moto wamejiandaa kuchukua mabaki yale na kuyatupa mtoni, na akawazuia kwa dakika chache tu. Watu wanne walikufa katika mkasa huo, zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa wamepatwa na unga ule.

Mto ule ungeubeba unga huo hadi kwenye visima na bustani za watu wasiojua lolote. Rusizi, unaotoka Kivu na kuishia Tanganyika baada ya kunywewa na wakulima wa nchi tatu, haupaswi hata siku moja kuwa jawabu la mtu aliyeshika kitu asichokitaka.

Tofauti inayofunzwa na Goiânia ni ya lazima kwa mlinzi. Mionzi inayopita hewani haiiachi hewa ikiwa na sumu. Chanzo cha gama kikifunikwa au kuondolewa, mahali pale panabaki salama sawa na kabla. Unga wenye mionzi hufanya mengine: hushika viatu, huingia puani, huenda nyumbani na mtu. Kwa hiyo swali la kwanza mpakani ni kama kitu kile ni kizima au kimevunjika.

Mnamo Januari 2023, huko Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu chenye urefu wa milimita nane, kidogo kuliko punje ya mahindi, kilianguka kutoka katika lori kwenye njia ya kilomita 1,400. Magari yenye vyombo vya kupimia yalipita barabara hiyo, na tarehe 1 Februari moja kati ya hayo, likienda kilomita 70 kwa saa, lilihisi gama kutoka kando ya lami. Kidonge kilikuwa mita mbili kutoka ukingoni. Nguvu yake ilikuwa takriban milisiveti moja na nusu kwa saa kwa mtu aliyesimama umbali wa mita moja. Kwa mita nne huwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisiveti. Kwa mita 30 huwa chini ya sehemu mbili za elfu moja za milisiveti kwa saa, kiasi ambacho mlinzi angeweza kukaa nacho zamu nzima bila dhara. Lakini mtu aliyekiweka mfukoni kwa siku kadhaa angeungua hadi nyama ya ndani.

Mita hizo 30 ndizo zinazopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomi, ambalo Rwanda imekuwa mwanachama wake tangu mwaka 2012, kuwa umbali wa kwanza wa kamba pale panapokutwa chanzo kisicho na kinga au kilichoharibika. Palipomwagika vitu vingi ni mita 100; penye moto au mlipuko ni mita 300; na panaposhukiwa bomu ni 400 au zaidi. Mwenye chombo husogeza kamba hadi pale kinaposoma sehemu moja ya kumi ya milisiveti kwa saa. Majeruhi aliye ndani ya kamba huokolewa kwanza, bila kungoja kipimo, kwa kuwa dakika chache za kumbeba mtu ni hatari ndogo ikilinganishwa na damu inayomwagika.

Rwanda iliunda Bodi yake ya Nguvu za Atomi mwaka 2020, na mwaka 2023 ikatia saini makubaliano na kampuni ya Dual Fluid juu ya kinu cha majaribio. Nchi inayofikiria kuwa na vinu itahitaji watu wa kupima hewa kuzunguka vinu hivyo, katika mikoa yake yote, na wengi wa watu hao watavaa sare. Chombo cha gama peke yake hakiwezi kuwatosha, kwa sababu hakihesabu nyutroni. Na ukuta wa risasi unaozuia gama huzipitisha nyutroni kwa urahisi, ambapo mapipa ya maji, nta au udongo uliolowa huzizuia.

Kwa sasa, mlinzi wa daraja hahitaji zaidi ya saa, daftari na hatua za miguu yake. Aandike kitu kilikutwa wapi na saa ngapi, ni kizima au kimevunjika, nani waligusa na walisimama umbali gani kwa dakika ngapi, upepo ulitoka Bukavu au Nyungwe, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Waliogusa wasiruhusiwe kula, kuvuta sigara wala kuondoka, na wasifungiwe pamoja na wasiogusa. Watu wa Hiroshima waliulizwa maswali hayo hayo miaka mingi baada ya tukio, na wengi wao hawakukumbuka walikuwa upande gani wa dirisha.